Michezo ya video Lubumbashi bila kumaliza mfuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mtu wa Lubumbashi anayetaka kucheza nyumbani na ana pesa ya kuhesabu. Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama. Kuna diski ambayo utaiuza tena au hutaiuza, kuna mega (bando la intaneti), kuna umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mtu akipiga hesabu ya konsoli peke yake, baada ya miezi sita anakuwa ametoa pesa mara mbili. Bei tunazotaja hapa ni za mfano wa hesabu tu. Weka za siku yako.

## Kuanza

1. Nina pesa kidogo. Ninunue konsoli gani?

Kwa watu wengi jibu ni PS4 Slim ya okazio (iliyokwisha tumika). Geuza nyuma usome kibandiko: namba inayoanza na CUH-20, CUH-21 au CUH-22 ndiyo Slim, iliyotoka 2016. Diski zake zimejaa mjini, inaanzishwa bila intaneti, na ikiwa kwenye mchezo inakula wati 80 hivi. PS4 ya kwanza (CUH-10 na CUH-11) inakula zaidi, inapiga kelele zaidi na ina miaka mingi mgongoni. CUH-12 ni afadhali. PS4 Pro (CUH-70 hadi 72) ina picha nzuri kwenye TV ya 4K, ila kama TV yako ni ya inchi 32 ya kawaida, unalipia kitu ambacho hutakiona.

TV ya zamani yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu haiingii PS4 moja kwa moja, kwa sababu PS4 inatoa HDMI peke yake. Adapta ya kugeuza HDMI kuwa AV inafanya kazi, lakini majina ya wachezaji na dakika za mechi hayasomeki. Katika hali hiyo PS3 au PS2 inakaa vizuri zaidi na TV hiyo.

2. Si bora niendelee kulipia sali ya michezo (ukumbi wa kuchezea) kwa mechi?

Piga hesabu. Tuseme mechi ni franka 500, unacheza sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa mwezi. Igawe kwa kiwango cha kambisti (mbadilisha pesa) wa siku hiyo, kisha uone ni miezi mingapi inafikia bei ya konsoli ya okazio pamoja na stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme) na diski mbili. Ikizidi miezi 18, baki kwenye sali. Ikiwa chini ya kumi, nunua. Mtu anayecheza Jumamosi tu hana haja ya konsoli, na hilo tunalisema bila kumdharau: sali inabeba umeme, inabeba manete (vidhibiti vya mkononi) zilizovunjika, na marafiki wako wako pale.

3. Xbox Series S inauzwa rahisi kuliko PS5. Kwa nini hamuipendekezi?

Ni mashine nzuri na inakula umeme kidogo. Tatizo ni mawili. Haina mlango wa diski, kwa hiyo kila mchezo unapita kwenye mega zako (swali la 14). Na konsoli za Xbox One na Series zinadai intaneti siku ya kwanza ili zianzishwe, pamoja na sasisho kubwa. Mwenye laini ya ofisini au ya nyumbani isiyo na kikomo anaweza kuichukua. Mwenye kununua mega kwa siku asiiguse.

Xbox 360 nayo bado inaonekana sokoni kwa bei ya kuvutia. Duka lake la mtandaoni lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, basi utaishi kwa diski tu.

4. Kwa nini mnasisitiza mlango wa diski?

Kwa sababu diski ni mali, na mchezo wa kupakua si mali. Umenunua diski dola 40, umecheza miezi miwili, umeiuza 30: mchezo umekugharimu dola 10. Mchezo huohuo ukiupata kwenye duka la mtandaoni kwa punguzo la dola 25, unaonekana rahisi, lakini huwezi kuuza, kuazima wala kubadilishana. Umelipa 25 kamili, na mega juu yake.

PS5 ya Digital Edition haina mlango. PS5 Slim, iliyotoka mwishoni mwa 2023, ina mlango unaochomolewa. Ukiuunganisha mara ya kwanza, konsoli lazima iunganishwe na intaneti ili iutambue. Muuzaji akikuambia "utanunua mlango baadaye", weka bei ya mlango ndani ya hesabu leo. PS5 Pro nayo inauzwa bila mlango. Na kama una diski za PS4 zenye haki ya kupandishwa kuwa za PS5, haki hiyo inahitaji diski iingie kila unapocheza. Kwenye Digital inapotea.

## Kununua ya okazio

5. Niangalie nini kabla ya kutoa pesa?

Nenda na diski moja unayoijua, fleshi ya USB, tochi ya simu na nusu saa. Usinunue konsoli iliyozimwa kwa maneno "umeme haupo sasa". Rudi umeme ukirudi.

Anza kabla ya kuwasha. Mulika tundu la HDMI: ndani kuna ulimi mwembamba wenye pini 19, na zote zinapaswa kulala sawa kama meno ya kitana. Pini moja ikiinama, au ulimi ukicheza unapougusa kwa njiti, picha itakuwa inakuja na kuondoka, na kubadilisha tundu hilo ni kazi ya kuchomelea ambayo si kila fundi anaiweza. Tazama skrubu: vichwa vilivyochubuka vinasema mashine imefunguliwa na mtu asiye na bisibisi sahihi. Kufunguliwa si dhambi, lakini uliza kwa nini.

Iwashe ikiwa baridi. Kwenye PS4, mwanga wa buluu ugeuke mweupe ndani ya sekunde chache. Ukibaki buluu unapumua kisha mashine ikazima, hilo ni tatizo la ubao, la diski ngumu au la umeme wa ndani, ondoka. Ingiza diski yako na usikilize: ivutwe bila kusukumwa, na itoke kwa kitufe. Cheza mchezo mzito dakika 20. Feni itapanda, hiyo ni kawaida. Ikipiga kelele kama kikaushia nywele tangu menyu, ndani kuna vumbi na pasta ya joto iliyokauka (swali la 19), nawe shusha bei kwa kiasi cha usafi huo. Mashine ikizima yenyewe kabla dakika 20 hazijaisha, usishushe bei, acha.

Jaribu kila tundu la USB kwa fleshi. Jaribu manete kwa waya na bila waya. Mwisho, mwombe muuzaji afute konsoli mbele yako: kwanza aondoe akaunti yake kama akaunti kuu ya PS4 hiyo (Mipangilio, usimamizi wa akaunti, zima PS4 yako kuu), kisha aanzishe upya kabisa. Asiyekubali kufuta, au asiyejua akaunti iliyomo ni ya nani, huenda anauza kitu kisicho chake.

6. Anasema ina michezo 20 ndani. Ni faida?

Mara nyingi ni mojawapo ya mambo mawili. La kwanza: michezo iko kwenye akaunti ya mtu mwingine. Itafunguka leo, lakini siku mwenye akaunti akibadilisha konsoli yake kuu au neno la siri, kila mchezo unapata alama ya kufuli. Kwenye konsoli isiyo kuu, mchezo wa dijitali unadai intaneti kila unapofunguliwa ili leseni ihakikishwe, na mega zikiisha hata hapo unafungwa. La pili ni konsoli iliyochezewa programu. Soma swali la 7.

Lipa bei ya konsoli tupu. Michezo ya ndani ihesabu sifuri.

7. Na zile PS4 zilizoflashiwa, zenye michezo ya bure?

Zimejaa, na tunajua kwa nini watu wanazichukua. Michezo hiyo imenakiliwa bila waliotengeneza kulipwa, na hilo peke yake linatutosha kutozipendekeza. Kuna na upande wa mfuko. Konsoli hiyo inabaki kwenye programu ya zamani, kwa hiyo michezo mipya inayodai programu mpya haifunguki. Ukiingia mtandaoni inaweza kufungiwa moja kwa moja, na mashine iliyofungiwa hairudi. Nyingi zinahitaji kuamshwa upya kila zikizimwa, na katika mji ambako umeme unaondoka mara kwa mara, hiyo ni kazi ya kila jioni. Siku ya kuiuza, mnunuzi anayejua atakupa nusu.

8. Niagize Dubai, Afrika Kusini au nivuke Kasumbalesa?

Tofauti ya bei ipo, ila iandike yote: bei, usafiri, forodha, TVA (VAT) ya asilimia 16, safari yako ya kilomita 90 hivi hadi mpakani na kurudi. Fret (usafirishaji wa mizigo) ya ndege inalipwa kwa kilo. PS4 Slim ina kilo 2.1 bila boksi, PS5 ya kwanza yenye mlango wa diski ina 4.5, PS5 Slim yenye mlango ina 3.2. Boksi, manete na waya vinaongeza. Manete ina betri ya lithiamu; mwambie mtu wa fret mapema, la sivyo mzigo utasimama njiani.

Mambo mawili yanasahaulika. Konsoli za Dubai na Zambia zinakuja na plagi ya pini tatu nene za mraba, wakati prizi zetu zinachukua pini mbili za mviringo. Usinunue adapta legelege inayopasha moto: PS4 Slim, PS5 na Xbox Series zote zinatumia waya wenye mdomo wa namba 8, uleule wa redio nyingi. Nunua waya mzima wa pini za mviringo, ni pesa ndogo. Pili, soma kibandiko cha umeme. Kikisema 100-240V, umepona. Xbox 360 na Wii za Marekani zina adapta ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 ya hapa, utanusa moshi kabla hujakaa.

Garantii ya kiwanda inafuata nchi iliponunuliwa. Kwa konsoli ya okazio ya bei ndogo, kununua hapahapa mjini kwa mtu mwenye duka unaloweza kurudi kesho kunashinda punguzo la dola 20.

9. Namna gani ya kulipa bila kuumia?

Bei ya kwanza si bei. "Yaya, unaiacha kwa ngapi, ya mwisho?" linaulizwa baada ya majaribio ya swali la 5, si kabla, kwa maana kasoro ulizoziona ndizo zinazoshusha. Dola zako zikague nyumbani: noti yenye mpasuko hata mdogo pembeni itakataliwa, na kwa kambisti utapoteza sehemu yake. Dai karatasi yenye tarehe, jina la duka, namba ya konsoli iliyo kwenye kibandiko na siku za kurudisha. Maneno "ikiharibika urudishe" bila karatasi hayana miguu.

## Diski

10. Diski ya Zambia, Ulaya au Marekani itacheza kwangu?

PS3, PS4, PS5, Xbox One, Xbox Series na Switch: ndiyo, mchezo hauna mipaka ya kanda. PS2 na Wii: hapana, diski na mashine lazima ziwe za kanda moja. Xbox 360 inategemea mchezo.

Lugha ni jambo lingine. Geuza kasha usome nyuma, kwa sababu toleo la Kiingereza la Afrika Kusini halina Kifaransa kila mara. Na vitu vya kuongezea mtandaoni (wahusika, ramani) lazima vitoke duka la kanda ileile ya diski. Diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani: mchezo unacheza, nyongeza uliyolipia haionekani. Pesa hiyo hairudi.

11. Nitajuaje diski imechakaa? Dawa ya meno inasaidia?

Ishike ukingoni, iinamishe chini ya tochi. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda pembeni kama miale ya gurudumu mara nyingi haina shida. Inayozunguka kwa kufuata mduara ndiyo mibaya. Tazama pia upande wa picha: tundu dogo la mwanga ukiinua diski kwenye jua maana yake data imekwenda.

Dawa ya meno usithubutu kwenye diski ya PS3, PS4 au PS5. CD ina plastiki ya milimita 1.2 juu ya data, DVD ina 0.6, kwa hiyo ukisugua kidogo unabaki na nafasi. Blu-ray ina milimita 0.1 tu na ganda gumu juu yake, ukilikwangua, umeimaliza. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu, toka katikati kwenda nje. Wakati wa kununua, acha mchezo ujisakinishe hadi mwisho: PS4 inanakili diski kwenye diski ngumu, na diski mbovu inakwama palepale kwenye asilimia ileile.

12. Likelemba (kuchangiana kwa zamu) ya diski inafanywaje?

Hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote. Watu watano wa avenue moja, kila mmoja anatoa dola 8 kwa mwezi. Kila mwezi diski moja ya dola 40 inanunuliwa, ya mtu ambaye zamu yake imefika, naye anachagua. Anakaa nayo wiki mbili za kwanza, kisha inazunguka siku saba kwa kila mmoja. Baada ya miezi mitano kila mtu ana diski yake, na ya mwisho ikimaliza kuzunguka, amecheza tano kwa dola 40.

Linalovunja vikundi ni diski kurudi na mkwaruzo. Andikeni sheria siku ya kwanza: kila makabidhiano inapigwa picha chini ya tochi, na iliyoharibika mikononi mwako unailipa. Chagueni konsoli ya aina moja, diski ya PS5 haichezi kwenye PS4. Hifadhi za mchezo hazimo kwenye diski, zimo kwenye konsoli ya kila mtu, basi hakuna anayempotezea mwenzake ligi yake.

13. Mpira mpya ninunue lini?

EA Sports FC, ambayo hadi FIFA 23 ilikuwa ikiitwa FIFA, hutoka mwishoni mwa Septemba kwa bei kamili. Punguzo la kwanza la maana linakuja wiki ya Ijumaa ya mwisho wa Novemba. Kufika Mei na Juni diski inauzwa kwa sehemu ya bei, na Septemba inaporudi, ya mwaka uliopita inaanguka kabisa. Anayecheza na ndugu sebuleni anunue ya mwaka jana kila Oktoba. Anayecheza mtandaoni anunue Novemba, kwa sababu toleo la zamani linakimbiwa, na seva zake hufungwa baada ya miaka kadhaa.

Ukinunua bei kamili mwezi wa tisa, iuze kabla ya Juni.

Kuna pia diski zisizo na mchezo. Ile ya Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ya PS5 ilikuwa na chini ya megabaiti 100, mengine yote yanapakuliwa. Kwenye Switch 2 kuna kadi zinazoitwa game-key, ambazo ni ufunguo tu. Soma kasha: likitaja upakuaji wa lazima, nenda swali la 14 kwanza.

## Mega, akaunti na michezo ya bure

14. Mchezo una GB 60. Nitaupataje bila kufilisika?

Usiupakue kwa mega za simu. Nunua diski ngumu ya nje ya USB 3.0. PS4 inakubali kuanzia GB 250 hadi TB 8, na inaifuta yote wakati wa kuiandaa, kwa hiyo ondoa picha za harusi kwanza. Ipeleke kwa rafiki mwenye PS4 na laini isiyo na kikomo, ingia kwa akaunti yako mwenyewe pale, pakua kwenye diski hiyo, rudi nayo nyumbani. Xbox inaruhusu hivyohivyo. Kwenye PS5 michezo ya PS4 inacheza moja kwa moja kutoka diski ya USB. Ya PS5 inahifadhiwa pale lakini lazima ihamishwe ndani ili ichezwe.

Zima masasisho ya kujiendesha kwenye Mipangilio. Mchezo wa diski mara nyingi unacheza na toleo la diski bila sasisho, ilimradi hujaunganisha mtandao.

15. Akaunti ya PlayStation niiweke nchi gani?

Kongo haimo kwenye orodha ya nchi. Watu wanachagua Ufaransa, Afrika Kusini au Marekani. Ujue mawili: masharti ya Sony yanadai nchi ya kweli, kwa hiyo akaunti ya aina hiyo ina hatari yake; na nchi ukishaiweka haibadilishwi. Usijaze mamia ya dola ndani yake.

Kadi ya kujaza pesa lazima iwe ya nchi ya akaunti. Kadi ya euro haiingii akaunti ya Marekani, na duka halirudishi kadi iliyokwanguliwa. Ingiza namba ukiwa bado mbele ya muuzaji. Jaza kiasi cha mchezo unaoutaka sasa, maana baki haitoki tena. Kwa anayetaka kucheza diski tu, akaunti si lazima hata kidogo.

16. Michezo gani ni ya bure kwa haki?

Fortnite, Rocket League (bure tangu Septemba 2020), eFootball (iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021), Apex Legends, Warzone. Hazihitaji PS Plus (usajili wa kulipia wa Sony) kucheza mtandaoni. Gharama yake ni mega na vishawishi vya ndani: weka neno la siri kwenye manunuzi kabla mtoto hajashika manete. Warzone peke yake inaweza kupita GB 100.

Kwenye kompyuta, Epic Games Store inatoa mchezo wa bure kila Alhamisi. Kwa saa za Lubumbashi unabadilika saa 11 jioni (17:00), na saa 12 jioni Marekani ikiwa kwenye saa za baridi. Kuudai ni kubonyeza tu, hata kwa simu. Kupakua utapakua mwaka kesho ukitaka. Anayeanza leo na kudai kila wiki atakuwa na maktaba kubwa bila kutoa senti. Steam inarudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa mbili, na inaweza kuhamisha mchezo kati ya kompyuta mbili za nyumba moja bila kugusa mega. GOG inakupa faili la kusakinisha ambalo unaliweka kwenye fleshi na linafanya kazi bila intaneti milele.

## Umeme na matunzo

17. Stabilizateri ni ya lazima?

Ndiyo. Ununue siku moja na konsoli. Jioni wote wakipika, volti zinashuka. Kifaa cha umeme ndani ya konsoli kinavuta ampea zaidi ili kupata wati zilezile, kinapata joto, kinachoka. Umeme ukirudi baada ya kukatika, unaingia na mshtuko, na hapo ndipo vifaa vingi vinakufa.

VA 1000 inatosha PS4 au PS5 pamoja na TV. Chukua yenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kuachia umeme, kama kifaa kinachofungwa kwenye firiji. TV iingie pia kwenye stabilizateri hiyo hiyo, kwa sababu mshtuko unapita kwenye waya wa HDMI na kuua tundu la konsoli kutoka upande wa TV. Umeme ukikatika, chomoa. Swichi ya ralonji peke yake haitoshi.

18. Betri itanichezesha saa ngapi?

Betri ya risasi ya 12V 100Ah ina watt-saa 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu la sivyo inakufa mapema: 600. Inverta inakula sehemu, unabaki na 500 hivi. PS4 Slim (80) na TV ya LED ya inchi 32 (45) ni wati 125: saa nne. PS5 inayokula wati 200 na TV hiyohiyo ni saa mbili hivi. Switch yenyewe ina betri, na ikichomekwa kwenye TV inakula wati chini ya 20. Kwa nyumba ya umeme wa shida, hilo linafidia bei ya michezo yake ambayo haishuki kirahisi.

19. Umeme ulikatika katikati ya mchezo, sasa PS4 haifiki menyu.

Kabla ya fundi, fanya haya. Izime. Bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, sekunde saba hivi. Unganisha manete kwa waya. Chagua namba 5, kujenga upya hifadhidata, haifuti michezo. Ikishindikana, namba 7 inasakinisha programu upya na kufuta kila kitu: pakua faili la usakinishaji kamili kutoka tovuti ya PlayStation, fleshi iwe FAT32 au exFAT, ndani yake folda PS4, ndani yake folda UPDATE, faili liitwe PS4UPDATE.PUP, yote kwa herufi kubwa. Herufi ndogo moja na haitalisoma.

Ikikuonyesha CE-34335-8, diski ngumu haionekani. Ni diski ya kompyuta mpakato, SATA ya inchi 2.5, unene usiozidi milimita 9.5. Unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja, usikubali kulipia "kadi mama".

Kuzuia: zima hali ya kulala, izime kabisa kila ukimaliza.

Kuhusu vumbi: kiangazi cha hapa kinaleta udongo mwekundu laini unaojaza feni. Konsoli ikae juu ya meza, nafasi ya kiganja kila upande, isifunikwe ikiwa moto. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, isafishwe ndani na pasta ya joto ibadilishwe. Skrubu za usalama ni Torx T8 yenye tundu katikati. PS5 puliza vumbi kwenye matundu yake tu. Ndani kuna metali ya majimaji badala ya pasta, fundi asiyeijua akiigusa inamwagika kwenye ubao.

20. Manete inajiendea yenyewe. Ninunue nyingine?

Subiri. Tone la alkoholi ya isopropili chini ya kijiti, ukikizungusha, konsoli ikiwa imezimwa, mara nyingi linarudisha miezi kadhaa. Likishindwa, kubadilisha kijiti ni miguu 14 ya kuchomelea. Vitufe vikikwama au kujibonyeza kwenye manete ya PS4, kosa ni karatasi laini ya plastiki yenye nyaya zilizochapwa. Ni rahisi, ila lazima ilingane na ubao. Fungua usome: JDM-001, 011, 030, 040 au 055. Betri ni ya mAh 1,000.

Bandia utaijua kwa tundu la sikioni lisilotoa sauti na kidirisha cha kugusa kisichosikia kidole, kwa hiyo jaribu vyote viwili ndani ya mchezo. Kumbuka pia: manete ya PS4 haichezi michezo ya PS5 hata ikiungana nayo.

## Hali za pembeni

21. Nauza PS4 ninunue PS5. Nitapoteza ligi zangu?

Hifadhi za PS4 zinakubali kunakiliwa kwenye fleshi. Zinakili kabla hujafuta. Hifadhi za michezo ya PS5 hazitoki kwa fleshi: ama PS Plus kwa hifadhi ya mtandaoni, ama kuhamisha kati ya PS5 mbili zilizo hai kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayebadilisha PS5 kwa PS5 asiuze ya kwanza kabla ya pili kuwa mezani. Kisha ondoa akaunti kama ilivyo kwenye swali la 5.

22. Ndugu wawili, konsoli mbili, mchezo mmoja wa dijitali. Inawezekana?

Ndiyo, ndani ya nyumba moja. Mwenye kununua anaweka konsoli ya mdogo wake kuwa kuu ya akaunti yake. Mdogo anacheza kwa akaunti yake mwenyewe, hata bila intaneti. Mkubwa anacheza kwenye ya pili akiwa ameingia kwa akaunti yake na mtandao ukiwepo. Megabaiti chache zinatosha kuhakikisha leseni. Mtandao ukikatika, mkubwa ndiye anayefungwa, kwa hiyo konsoli kuu iwe ya yule asiye na mega.